Mdomo wa Tokyo, sauti ya Texas

Naruto, mtoto wa katuni ya Kijapani yenye jina lake, ana neno lake. Akifurahi, akikasirika, akijigamba mbele ya mwalimu, sentensi haiishi mpaka aitupie "dattebayo" mwishoni. Ukitafuta maana yake kwenye kamusi utahangaika bure, maana hasa haina. Ni mkia tu wa sentensi, kama "bana" yetu: "Mimi nitakuwa Hokage, mkuu wa kijiji, bana!" Ila mkia huo ndio mtoto mwenyewe. Unasikia humo utukutu, kiherehere, na yatima anayepiga kelele ili kijiji kimtazame.

Katuni hiyo ilianza kurushwa Japani Oktoba 2002. Ilipoingia kwenye runinga za Marekani Septemba 2005, walioandaa toleo la Kiingereza walikuta mdomo wa Naruto umeshachorwa. Sentensi imekwisha, mdomo bado unafunguka na kufumba, na Kiingereza hakina kitu cha kupachika pale. Wakapachika "Believe it!", kama mtu anayekuambia "niamini mimi". Likarudiwa mpaka likawakera watu, likawa utani, na kadiri vipindi vilivyosonga watayarishaji wenyewe wakaanza kulipunguza.

Miaka ikapita. Hadithi ikafika mahali mama yake Naruto, Kushina, anapotokea, na kumbe naye ana mkia wake: "dattebane". Mtazamaji wa Japani anaelewa papo hapo kwamba yule mtoto, ambaye hakuwahi kulelewa na mama, alirithi ulimi wake. Toleo la Kiingereza lisingeweza kumpa mama "Believe it!" bila kuleta kicheko, basi mama na mwana wakapewa "ya know". Tukio likafanya kazi, lakini mzigo uliokuwa umewekwa akiba tangu kipindi cha kwanza ulikuwa umevuja njiani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mabishano ya mashabiki, kwamba manukuu (maandishi chini ya picha) ni bora kuliko sauti iliyoingizwa upya, au sauti ni bora kuliko manukuu, huwa yanamlaumu mtu asiyehusika. Tunasikia sentensi ya ajabu, tunasema mwigizaji mbovu. Kumbe mwigizaji ndiye wa mwisho kabisa kufika. Kabla yake wamepita mchoraji, mfasiri, mrekebishaji, mwenye kituo cha runinga na mwenye pesa, na kila mmoja ameacha alama ya kidole chake.

Hebu tuingie studio. Japani kwa kawaida waigizaji hukusanyika chumba kimoja, wanapokezana maikrofoni chache zilizosimamishwa mbele ya skrini, na mara nyingi picha wanayoiona haijakamilika, ni michoro ya penseli tu. Wakigombana, wanagombana kweli, mmoja akimdaka mwenzake pumzi. Marekani mwigizaji huingia kibandani peke yake. Kwenye vipokea sauti anasikia milio mitatu, pi, pi, pi, na pale ambapo ungetarajia wa nne ndipo anapoanza kusema. Anayegombana naye labda alirekodi wiki iliyopita, labda bado hajaja. Mwongozaji ndiye humweleza: hapa mwenzako amekutukana kwa sauti ya chini, usipige kelele. Ugomvi mwingi unaousikia umepoa kwenye matoleo ya Kiingereza ulipoa hapo.

Na mdomo wenyewe? Katika anime, yaani katuni za Kijapani, nyingi za runinga mdomo una michoro mitatu tu: umefumbwa, umefunguka nusu, umefunguka wote. Inazungushwa haraka haraka, basi. Hii ni nafuu, kwa sababu huhitaji kulinganisha kila herufi. Unachotakiwa ni kuanza mdomo unapoanza, kunyamaza unaponyamaza, na kumaliza unapofumba. Anayefanya kazi hiyo si mfasiri. Mfasiri hutoa tafsiri ya moja kwa moja, kisha mrekebishaji, ambaye mara nyingi hajui Kijapani, anaisuka upya huku akiangalia picha na kunong'ona mwenyewe kupima kama inaenea.

Chukua sentensi ambayo kwenye anime za mapigano hukosi kuisikia: "Ore wa omae o zettai ni yurusanai." Kwa mpangilio wake inasema mimi, wewe, katu, kusamehe, si. Ina mapigo 17, yaani vipande vifupi vya sauti vinavyolingana urefu. Ukanushi uko mwisho kabisa, kwenye ile "nai", kwa hiyo hasira ya mwigizaji inapanda ngazi moja moja na kupasuka mwishoni. Kiingereza cha kawaida kingekuwa "I will never forgive you", silabi 7, na neno zito liko katikati. Mdomo bado una mapigo kumi ya kutafuna! Ndipo mrekebishaji anaongeza "for as long as I live", na wewe nyumbani unajiuliza mbona hawa watu wanaongea kama wako jukwaani. Kiswahili kingekuwa na shida ya namna yake: "Sitakusamehe" inatangaza kukataa kwenye silabi ya kwanza. Mjapani anakuficha hadi pumzi ya mwisho, sisi tunatoboa siri mlangoni.

Ndiyo maana huwa nawaonea wivu kina Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya. Wao husimulia juu ya filamu, hawamlishi mhusika maneno mdomoni. Filamu ikinyamaza wanaweza kuchomekea kichekesho, ikienda kasi wanaruka. Mrekebishaji wa anime hana uhuru huo. Ni fundi nguo aliyeletewa zipu iliyokwisha kushonwa, aambiwe atengeneze gauni kuizunguka.

Katika miaka ya mwanzo watengenezaji wa matoleo ya Kiingereza walijali zaidi saa ya runinga kuliko hadithi. "Astro Boy" ilianza Japani Januari 1963, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa tayari inaongea Kiingereza Marekani. Wauzaji hawakuwa na haja ya mtazamaji kujua imetoka wapi. Kisa kinachonifurahisha zaidi ni "Robotech" ya 1985. Vituo vya Marekani vilivyorusha katuni kila siku ya kazi vilitaka angalau vipindi 65, yaani siku tano kwa wiki 13. Macross, kazi waliyokuwa wameinunua, ilikuwa na vipindi 36. Carl Macek, mtayarishaji wa Robotech, na wenzake wakachukua tamthiliya nyingine mbili zisizohusiana nayo hata chembe, wakaziunga, wakaandika maneno mapya yanayodai kwamba huu ni ukoo mmoja na vita vyake vya vizazi vitatu. Vikatoka vipindi 85. Ni kama kushona gauni moja kutoka doti tatu za kanga zisizofanana, kisha kumwambia mteja ndivyo lilivyobuniwa. Na wateja walilipenda, hilo lazima tukiri. Wengi wao waliipenda anime kwa mara ya kwanza kupitia gauni lile.

Halafu kuna wakati wa vituo vya watoto. Hapa sitakaa sana, maana vichekesho vyake mashabiki wanavijua. Kwenye "Pokémon" Brock anashika onigiri, lile donge la wali lililofungwa mwani, mweupe pe, halafu anasifia donati zenye jemu ndani. Kwenye "One Piece" ya 2004 sigara ya Sanji iligeuzwa pipi ya kijiti. Kwenye "Yu-Gi-Oh!" waliotakiwa kufa walipelekwa ulimwengu wa vivuli, na bastola zikafutwa zikabaki vidole vinavyonyooshewa watu. Kwenye "Dragon Ball Z" kuna mashetani wa kuzimu waliovaa fulana zilizoandikwa HELL. Mtu mmoja akafuta vistari viwili, ikawa HFIL, na maandishi yakapewa kirefu: makao ya walioshindwa milele. Kusema kweli hiyo ya mwisho naiheshimu. Kuigeuza jehanamu kwa kufuta vistari viwili si ujanja mdogo.

Mengine hayachekeshi sana. Kwenye "Sailor Moon" Haruka na Michiru ni wapenzi. Toleo la Kiingereza la mwaka 2000 liliwafanya binamu, lakini michoro haikubadilika, na wakaendelea kutazamana kama wanavyotazamana wapenzi. Waliotaka kuondoa jambo moja lisilowapendeza wakaishia kuwaonyesha watoto jingine geni zaidi. Ilipofika 2014 kampuni nyingine ikaanza kuingiza sauti upya tangu mwanzo, na wawili hao wakarudishiwa mapenzi yao.

Aliyeweka mguu chini dhidi ya mikasi alikuwa Studio Ghibli, watengenezaji wa filamu za katuni wa Japani. "Nausicaä" ilikuwa imekatwa dakika zaidi ya 20 ilipotolewa Marekani 1985 kwa jina jingine. Wakaapa halitatokea tena. "Princess Mononoke" ilipochukuliwa na Miramax, kampuni ya filamu ya Marekani, mtayarishaji Toshio Suzuki alimpelekea mkuu wa kampuni hiyo upanga wa Kijapani na ujumbe wake ulikuwa maneno mawili: hakuna kukata. Picha zikasalimika. Maneno ni suala lingine, kwa sababu upanga haulindi maneno. Aliyeandika Kiingereza cha filamu hiyo ni Neil Gaiman, mtunzi hasa. Kuna mahali mtawa mmoja anaonja supu na kulalamika kwamba ni kama maji ya moto. Kwa Mjapani hilo ni tusi la kutosha. Gaiman aliona Mmarekani hatashtuka, akaibadilisha: supu ina ladha ya mkojo wa punda. Watetezi wa tafsiri sisisi walichukia. Mimi nakubaliana na sababu yake, ila kwa Kiswahili asingehangaika. Mwambie mpishi yeyote wa pwani "mchuzi wako maji matupu" uone kama utakaribishwa tena.

Kinachonisumbua zaidi kwenye matoleo ya Ghibli ni jinsi Wamarekani walivyoogopa ukimya kuliko walivyoogopa tafsiri. Kwenye "Kiki's Delivery Service" ya 1989, paka Jiji anaacha kuongea pale Kiki anapopoteza uwezo wake, na hata uwezo ukirudi, paka anabaki kulia nyau. Kiki amekua. Hakuna anayelieleza hilo, unaachiwa uhisi mwenyewe. Toleo la Disney la 1998 lilimpa Phil Hartman nafasi ya Jiji, na kwa kweli mtu yule alikuwa na kipaji: alijaza utani hata pale ambapo mdomo wa paka hauonekani. Mwishoni wakamwongezea sentensi ili paka azungumze tena. Filamu nzima ikabadilika maana kwa sentensi moja, kwa sababu sasa hakuna kilichopotea. Toleo lilipotolewa upya 2010 nyongeza kadhaa ziliondolewa.

"Spirited Away" ilishughulikiwa kwa heshima zaidi, lakini ugonjwa ule ule ukajitokeza. Chihiro anapofika darajani mbele ya jengo kubwa, kwa Kijapani hasemi kitu. Mjapani ameshaona alama ya nyumba ya kuogea kwenye pazia la mlangoni. Mmarekani hajui, basi Chihiro wa Kiingereza anasema kwa sauti kwamba hii ni nyumba ya kuogea. Hilo nalisamehe, ni taarifa inayotakiwa. Nisilolisamehe ni mwisho. Gari linaondoka, na hakuna neno linalosemwa kuhusu maisha mapya. Kwenye Kiingereza baba anasema nyumba mpya na shule mpya vinatisha kidogo, na Chihiro anajibu kwamba anadhani ataviweza. Tumemtazama binti huyo kwa saa mbili akiyaweza makubwa kuliko hayo! Hata muziki haukuachwa: kwa ajili ya toleo la Kiingereza la "Castle in the Sky", Joe Hisaishi mwenyewe alirefusha muziki wake kutoka kama saa moja hadi kama saa moja na nusu, ili kuziba mahali ambapo Wajapani walikuwa wameacha upepo tu.

Pesa nayo ina sauti yake. Wengi wa tunaowasikia kwenye "Dragon Ball Z" ya Kiingereza si watu wa Hollywood. Ni watu wa Texas, ambako kampuni ya Funimation ilianza kurekodi tamthiliya hiyo mwaka 1999, na Houston ilikuwa makao ya ADV, kampuni iliyoleta "Evangelion". Texas kulikuwa na gharama nafuu na kazi isiyopitia chama cha waigizaji. Mvutano huo haujaisha. Mwaka 2022 Kyle McCarley, sauti ya Mob kwenye "Mob Psycho 100", alisema wazi kwamba huenda asirudi msimu wa tatu kwa sababu kampuni haikutaka kuzungumza na chama hicho. Mob akapata sauti nyingine. Siku hizi pia kuna mbio: toleo la Kiingereza linatoka wiki chache tu baada ya kipindi kurushwa Japani, kwa hiyo mfasiri anafanya kazi bila kujua hadithi itaishia wapi. Kumbuka mkia wa Kushina.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu hatuifikii anime kutoka Kijapani. Tunaifikia kupitia Kiingereza, kwa sauti au kwa manukuu. Kinachopotea kati ya Tokyo na Texas kinatufikia kikiwa kimeshapotea, na mara nyingi ni kitu ambacho lugha yetu inacho mfukoni.

Wafanyakazi wanatoka ofisini jioni, mmoja anasema "otsukaresama". Manukuu ya Kiingereza yanaandika "kazi nzuri leo", kana kwamba kila karani ni bosi anayetoa alama. Maana yake ni pole na kazi. Ndivyo hasa, hadi wakati wa kuitumia na mtu wa kumwambia. Mdogo akimwita mkubwa wake "oniichan", Kiingereza kinababaika: kikisema "big brother" kinasikika kama mtoto wa maigizo, kikitaja jina tu heshima inakwenda. Sisi tunasema kaka, tunaendelea na safari. Na kuna lile tukio la mapenzi ambalo Wajapani wanalipenda sana: kijana ambaye kwa vipindi kumi amemwita msichana kwa jina la ukoo na "-san" ya heshima, siku moja anadondosha jina lake tupu. Msichana anaganda. Kwenye matoleo ya zamani ya Kiingereza walikuwa wanaitana majina ya kwanza tangu kipindi cha kwanza, hivyo unaona msichana anaona haya na hujui kwa nini. Lakini fikiria kijana wa mtaani aliyezoea "dada Asha, dada Asha", siku moja asema "Asha" na kunyamaza. Kila aliyekaa barazani atageuza shingo.

Sisemi tunaweza kila kitu. "Itadakimasu" ya kabla ya kula inatutoa jasho. Nafsi ya kwanza ndiyo kabisa. Mjapani anaweza kujiita watashi, boku, ore na mengine, kila moja likiwa na jinsia yake, umri wake na kifua chake. Kwenye "Your Name" ya 2016, msichana aliyeamka ndani ya mwili wa mvulana anajaribu nafsi hizo moja moja mbele ya rafiki zake, nao wanakunja nyuso mpaka anapoipata ore. Kiingereza kina "I" moja. Sisi tuna mimi moja. Hapo tunazama pamoja.

Ila kwenye jinsia tunaogelea. Kijapani kinaweza kumsema mtu kipindi kizima bila kugusia kama ni wa kiume au wa kike. Crona wa "Soul Eater" aliachwa hivyo kwa makusudi. Kiingereza kikambana mfasiri, na toleo la Kiingereza likamfanya "he". Kiswahili kinasema amekuja, anaogopa, hajui pa kukaa, na siri ya mtunzi imelala salama ndani ya ka-silabi kamoja.

Juni 2019 Netflix ilitoa "Neon Genesis Evangelion" kwa tafsiri mpya na waigizaji wapya, na ugomvi ukalipuka kwa sababu ya neno moja. Kipindi cha 24, Kaworu na Shinji, wavulana wawili, wako kwenye bafu la pamoja. Kaworu anatumia maneno mazito, Shinji haelewi, na Kaworu anamrahisishia: "suki tte koto sa." Toleo la miaka ya tisini lilisema "love". La 2019 likasema "like". Waliokua na la kwanza waliona wamenyang'anywa penzi, na waliotetea la pili walisema neno suki lenyewe halijaamua. Wote walikuwa sahihi, kwa sababu suki ni kupenda chai na ni kupenda mtu, na Kaworu alilichagua kwa kuwa linaacha mlango wazi. Kiingereza hakina mlango wa namna hiyo, lazima ufunge upande mmoja.

Nilijaribu kuisema kwa Kiswahili nikiwa naangalia mdomo wake, sauti nimeizima. Su-ki-t-te-ko-to-sa, mapigo saba, mdomo unaishia wazi kwenye "a". Ya-a-ni na-ku-pe-nda. Saba, na unaishia wazi kwenye "a". Nikarudisha nyuma nikaisema tena, safari hii kwa sauti ya chini kidogo, kama yeye.